Maisha Wakati wa Saratani ya Matiti na Baada Yake: Somo kwa Mkazi wa Nairobi

Kila asubuhi ya siku ya kazi, wanawake wenye faili mikononi hushuka matatu karibu na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Wengine wametoka Kawangware, Kangemi, Uthiru na Kibra kabla jua halijachomoza ili wapate nafasi ya mbele kwenye foleni. Baadhi wanaenda kupata majibu ya maabara, wengine wanaenda kwa dozi ya nne ya dawa, na wapo waliomaliza matibabu miaka mingi iliyopita ambao wanaenda kuangaliwa tu na kurudi sokoni kabla ya saa sita mchana. Mtu wa kando hawezi kuwatofautisha.

Kundi hilo la tatu ndilo ambalo wakazi wengi hawalijui. Saratani ya matiti inapotajwa mtaani, hutajwa pamoja na mazishi na mchango wa hospitali. Ni nadra mtu kusema, "Yule jirani yangu aliugua, akatibiwa, na sasa anasomesha watoto." Somo hili linaeleza safari nzima, kuanzia siku uvimbe unapogunduliwa hadi miaka inayofuata baada ya matibabu. Linaweza kusomwa na mtu mmoja nyumbani au kujadiliwa katika chama, kanisani, msikitini au katika baraza la mtaa.

Baada ya somo hili, msomaji anapaswa kuweza:

- kueleza dalili zinazohitaji kupimwa bila kuchelewa;
- kufuata njia kutoka kituo cha afya cha mtaa hadi hospitali ya rufaa;
- kumsaidia mgonjwa amalize matibabu yake yote;
- kueleza anachohitaji mtu aliyemaliza matibabu.

UKUBWA WA TATIZO

Kwa makadirio ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2020 Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya 6,799 wa saratani ya matiti, na watu 3,107 walikufa kutokana nayo. Hakuna saratani nyingine iliyokuwa na wagonjwa wapya wengi kuliko hiyo nchini.

Ugonjwa huu huanza pale chembe za titi zinapokua bila mpangilio na kutengeneza uvimbe. Zikiachwa, huweza kufika kwenye tezi za kwapani, kisha kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Madaktari hupanga ugonjwa kwa hatua 4. Katika hatua ya 1 na ya 2 uvimbe bado uko kwenye titi au umefika kwenye tezi chache za karibu, na lengo la matibabu huwa ni kuponya. Katika hatua ya 3 ugonjwa umeenea zaidi kwenye titi na tezi zake, na matibabu huwa marefu zaidi ingawa lengo la kuponya bado lipo. Katika hatua ya 4 umefika viungo vya mbali, na lengo huwa ni kuudhibiti na kumwezesha mgonjwa kuishi vizuri kwa muda mrefu iwezekanavyo.

Kuna mambo 3 ya kusahihisha mapema. Saratani haiambukizi, kwa hiyo mgonjwa anaweza kushiriki kikombe, kitanda na bafu na jamaa zake. Pili, ugonjwa huu si wa wazee peke yao, kwani wanawake wengi wa Kiafrika huugua wakiwa na umri mdogo kuliko wenzao wa Ulaya, wakiwa bado wanalea watoto na kutafuta riziki. Tatu, wanaume pia huugua. Ni wachache, takriban mmoja katika kila wagonjwa 100, na mara nyingi huchelewa kwa sababu hawadhani ugonjwa huu unawahusu.

FUNZO KUTOKA DAGORETTI

Wakazi wa upande wa magharibi wa jiji wana mfano wa karibu. Mwaka 2012 Beth Mugo, aliyekuwa mbunge wa Dagoretti na Waziri wa Afya ya Umma, aliliambia taifa kwamba amepatikana na saratani ya matiti ikiwa katika hatua za mapema. Wakati huo viongozi wengi walificha maradhi yao. Mwaka uliotangulia, Waziri wa Huduma za Matibabu, Profesa Anyang' Nyong'o, alikuwa ametangaza kwamba anaugua saratani ya tezi dume. Mawaziri wote wawili waliosimamia afya ya Wakenya walikuwa wamekuwa wagonjwa wa saratani.

Beth Mugo alitibiwa, akarejea kazini, na kuanzia 2013 hadi 2022 alihudumu kama seneta wa kuteuliwa. Pia alianzisha wakfu wa kuhamasisha umma kuhusu saratani. Ni kweli kwamba alipata matibabu ng'ambo, jambo ambalo mkazi wa kawaida wa Waithaka au Gatina hana uwezo nalo. Hata hivyo, jambo lililompa nafasi kubwa ni kwamba ugonjwa ulionekana mapema. Kupimwa mapema hakuhitaji pasipoti. Huanzia kwenye kituo cha afya cha mtaa.

Mwaka huo huo wa 2012 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani, ambayo inapiga marufuku ubaguzi dhidi ya mtu mwenye saratani na kulinda siri yake. Ndio mwaka aliofariki Mary Onyango, aliyeishi na saratani ya matiti na kuongoza Kenya Breast Health Programme, akizungumza hadharani juu ya maradhi haya wakati wengi walinong'ona tu. Haki anazodai mgonjwa leo zilitafutwa na watu waliokuwa wagonjwa wenyewe.

HATUA YA KWANZA: KUTOKA NYUMBANI HADI KLINIKI

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 44 anayeuza mitumba Kawangware. Akioga, anagusa uvimbe mgumu karibu na kwapa la kushoto. Hauumi. Anajiambia ni jipu au ni kamba za mizigo. Wiki zinakuwa miezi. Jirani anampa dawa ya kuchemsha. Siku moja anampeleka mtoto kliniki, na akiwa hapo anamweleza muuguzi.

"Sista, kuna kitu hapa, lakini hakiumi."

"Mama, hicho kisichouma ndicho tunachotaka kukiona. Njoo nyuma ya pazia nikupime."

Jibu la muuguzi huyo ndilo funzo la kwanza. Uvimbe wa saratani mwanzoni mara nyingi hauna maumivu. Dalili za kupeleka kliniki ni hizi:

- uvimbe au ugumu mpya kwenye titi au kwapani;
- titi kubadilika umbo au ukubwa;
- ngozi kubonyea, kuwa nyekundu au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa;
- chuchu kuingia ndani, kuwa na kidonda kisichopona, au kutoa damu au majimaji bila kukamuliwa.

Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Lakini hakuna mtu anayeweza kujua kwa kuutazama au kuugusa tu, wala jirani, wala mganga, wala daktari. Ni lazima upimwe.

Safari huanzia kituo cha afya kilicho karibu. Upande wa magharibi kuna vituo vya kaunti kama Kangemi, Westlands, Riruta na Waithaka. Muuguzi au afisa wa kliniki hupima matiti kwa mikono, na akiona jambo humwandikia mgonjwa barua ya rufaa kwenda hospitali yenye vifaa vya picha. Mkazi asiyejua aanzie wapi anaweza kumuuliza mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wake.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kaunti husimamia zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti kama Mbagathi na Mama Lucy Kibaki, huku hospitali za kitaifa za rufaa kama Kenyatta zikiwa chini ya serikali ya kitaifa. Kwa mgonjwa, maana yake ni kwamba barua ya rufaa ndiyo daraja kati ya pande hizi mbili. Aitunze, na atengeneze nakala yake.

Kwa asiye na dalili yoyote, mwongozo wa kitaifa wa 2018 unapendekeza kipimo cha mamogramu kila mwaka kwa wanawake wa miaka 40 hadi 55, na kila baada ya miaka 2 kwa wenye miaka 56 hadi 74. Mwenye mama, dada au binti aliyeugua saratani ya matiti amweleze mhudumu wa afya, kwa kuwa huenda akahitaji kuanza mapema zaidi.

SIKU 60 ZA KUHESABU

Mwaka 2021 WHO ilianzisha mpango wa dunia kuhusu saratani ya matiti wenye malengo yanayoweza kukumbukwa kwa namba 3: 60, 60, 80. Angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe wakiwa hatua ya 1 au ya 2. Vipimo vikamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kliniki mara ya kwanza. Na angalau asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu yao yote.

Namba hizo si za mawaziri na madaktari pekee. Familia inaweza kuzitumia. Siku mama yetu wa Kawangware alipompa muuguzi habari, mtu mmoja nyumbani angeandika tarehe kwenye kalenda na kuhesabu siku 60 mbele. Ikifika siku ya 30 na kipimo cha kinyama hakijafanywa, familia inarudi kuuliza. Kuuliza si ukorofi. Mgonjwa asiyeuliza husahaulika kwa urahisi, hasa majibu yanapochelewa maabara au tarehe inapoahirishwa.

KUSOMA MAJIBU YA MAABARA

Picha ya mamogramu au ya ultrasaundi huonyesha tu kwamba kuna kitu. Uthibitisho hutoka kwenye kipimo cha kinyama, ambapo daktari hutoa kipande kidogo cha uvimbe kwa sindano na kukipeleka maabara. Wapo wanaokataa kipimo hiki kwa imani kwamba "ukiguswa na chuma unasambaa." Hilo si kweli. Kinachousambaza ugonjwa ni muda unaopita bila matibabu.

Majibu kamili yanapaswa kujibu maswali 3. Je, ni saratani? Ikiwa ni saratani, ni ya aina gani? Na je, chembe zake zina vipokezi? Vipokezi ni kama kufuli kwenye chembe ya saratani, na dawa ni funguo. Kuna vipokezi vya homoni, viitwavyo ER na PR, na kuna kipokezi kiitwacho HER2. Mwenye vya homoni hufaidika na vidonge vya kuzuia homoni. Mwenye HER2 hufaidika na dawa iitwayo trastuzumab, ambayo wengi huijua kwa jina la Herceptin. Asiye na hata kimoja kati ya hivyo 3 hutibiwa zaidi kwa kemo na upasuaji.

Ndiyo maana wagonjwa wawili wanaokaa benchi moja huweza kupewa dawa tofauti, na dawa ya mmoja isimfae mwenzake. Mgonjwa anayo haki ya kuuliza, "Daktari, vipokezi vyangu vinasemaje?" na kuomba nakala ya majibu.

WAKATI WA MATIBABU

Matibabu huwa na sehemu kadhaa, na mpangilio hutofautiana kwa kila mgonjwa.

Upasuaji. Wengine hutolewa uvimbe pekee na titi likabaki, wengine hutolewa titi zima. Mara nyingi baadhi ya tezi za kwapani pia hutolewa ili kuona kama ugonjwa umefika huko.

Kemo. Hizi ni dawa zinazoingizwa kwa mshipa, mara nyingi kila baada ya wiki 3, kwa miezi kadhaa. Hushambulia chembe zinazokua haraka, na kwa kuwa nywele, utando wa mdomo na chembe za damu pia hukua haraka, navyo huathirika. Nywele hurudi baada ya matibabu. Kichefuchefu kina dawa, kwa hiyo mgonjwa asivumilie kimya. Lakini kuna dalili moja isiyongoja asubuhi: homa ya nyuzi 38 au zaidi. Wakati wa kemo kinga ya mwili hushuka, na homa hiyo inaweza kumaanisha maambukizi hatari. Familia iwe na kipimajoto nyumbani na nauli ya dharura, na mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.

Mionzi. Hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa kawaida kwa wiki 3 hadi 5. Kipindi chenyewe ni dakika chache na hakiumi, ila ngozi huweza kuwa nyeusi na kuwasha. Mgonjwa anayetibiwa kwa mionzi ya mashine hatoi mionzi mwilini, hivyo anaweza kuwabeba watoto wake. Katika eneo la Nairobi huduma hii ya umma inapatikana Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, upande wa Kahawa. Mkazi wa Uthiru apange mapema, kwa sababu safari ya kila siku kwa wiki kadhaa huchosha na kula fedha kuliko watu wanavyodhani.

Vidonge vya homoni. Kidonge kinachojulikana zaidi ni tamoxifen, kinachomezwa kila siku kwa miaka 5, na wengine hadi 10. Kidonge hiki ndicho wagonjwa wengi huacha njiani, kwa kuwa mtu anajisikia amepona na anachoshwa na joto la ghafla mwilini. Lakini kazi yake ni kuuzuia ugonjwa usirudi. Mwanamke anayekimeza hapaswi kushika mimba bila kuzungumza kwanza na daktari, kwani dawa inaweza kumdhuru mtoto. Anayetamani kuzaa aseme mapema, hata kabla ya kemo kuanza.

Kuhusu dawa za miti shamba, ushauri ni mmoja: mgonjwa asimfiche daktari. Baadhi ya mitishamba hugongana na dawa za hospitali au kuumiza ini. Maombi na matibabu vinaweza kwenda pamoja. Anayemwambia mgonjwa aache dawa ili aonyeshe imani anamweka hatarini.

MASUALA YA FEDHA

Familia nyingi za Nairobi huogopa bili kuliko ugonjwa. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira rasmi hutathminiwa kulingana na mapato ya nyumba yake, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, kinacholipwa kwa mwaka mzima. Usajili unaweza kufanywa kwa kupiga *147#.

Matibabu ya saratani yamo katika huduma za SHA, kwa kiwango maalum kwa kila familia kwa mwaka. Viwango hubadilika, kwa hiyo mgonjwa aulize kwenye dawati la SHA la hospitali yake kabla ya kila awamu: kimebaki kiasi gani, na je, idhini ya awali imetolewa? Mwenye kadi isiyolipiwa huweza kukosa dozi yake siku ile ile.

Mwezi Oktoba 2025, serikali na kampuni ya Roche zilitangaza makubaliano ya kushusha bei ya Herceptin kutoka takriban Sh120,000 hadi Sh40,000 kwa dozi, na gharama hiyo kulipwa na SHA. Kwa mgonjwa mwenye HER2 hii ni tofauti kati ya kumaliza matibabu na kuyaacha. Aulize kama hospitali anakotibiwa ni miongoni mwa zinazotoa huduma hiyo.

Bado kuna gharama ambazo hakuna kadi inayozilipa: nauli, chakula, mtu wa kubaki na watoto, na siku za kibarua zilizopotea. Hapa ndipo chama kinaweza kuokoa maisha. Badala ya kungoja harambee kubwa mambo yakiharibika, wanachama 10 wakichangia Sh100 kila mmoja kwa wiki, mgonjwa anapata Sh4,000 kwa wiki 4. Kiasi hicho kinaweza kuwa nauli yake ya mionzi.

NYUMBANI NA KAZINI

Saratani ya matiti hugusa mahali ambapo mwanamke hujiona mwanamke. Wengi huacha kujitazama kwenye kioo, na wengine hukwepa waume zao. Wapo waume wanaohama chumba, na wapo wanaojifunza kufunga vidonda na kupika uji. Mume asiyejua la kusema anaweza kuanza na jambo dogo: kuandamana na mkewe kliniki na kukaa naye kwenye benchi.

Watoto huona hata wasipoambiwa. Mtoto wa miaka 8 akificha hofu yake anaweza kudhani ni yeye aliyesababisha ugonjwa. Inatosha kumwambia, "Mama ana ugonjwa kwenye titi. Madaktari wanamtibu. Nywele zitatoka halafu zitarudi. Hukufanya kosa lolote."

Kazini, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyetumikia miezi 2 mfululizo likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa malipo kamili na siku 7 kwa nusu malipo kila mwaka, na mikataba mingi hutoa zaidi. Mgonjwa awasilishe barua ya daktari na kutunza nakala. Mwajiri mwenye busara humpa kazi nyepesi siku za kemo badala ya kumpoteza mfanyakazi aliyezoea kazi.

Kwa anayehitaji mtu wa kuzungumza naye, Faraja Cancer Support Trust, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010, hutoa ushauri nasaha na huduma nyingine za kumliwaza mgonjwa na jamaa zake bila malipo. Katika kliniki za hospitali pia kuna makundi ya manusura. Mwanamke aliyetolewa titi akimwona mwenzake wa miaka 10 iliyopita akicheka, anapata jibu ambalo daktari hawezi kumpa.

BAADA YA MATIBABU

Siku ya dozi ya mwisho, jamaa husherehekea na kurudi kwenye shughuli zao. Kwa mgonjwa mara nyingi hofu huanza hapo. Hakuna tena tarehe ya kliniki kila wiki, na kila maumivu ya mgongo yanafanana na saratani. Hofu hiyo ni ya kawaida. Hupungua mtu anapokuwa na mpango.

Ratiba ya kliniki. Kwa kawaida mtu huonwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika miaka 3 ya mwanzo, kila miezi 6 hadi 12 katika mwaka wa 4 na wa 5, kisha mara moja kwa mwaka. Mamogramu hufanywa kila mwaka kwa titi lililobaki. Dalili za kutaja bila kungoja tarehe ni uvimbe mpya, maumivu ya mifupa yasiyoisha, kikohozi au kukosa pumzi, kupungua uzito bila sababu, manjano, au maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida.

Mkono. Waliotolewa tezi za kwapani wanaweza kuvimba mkono, hata miaka mingi baadaye. Hili huwagusa sana wanaofua, wanaobeba magunia na wanaolima. Mazoezi ya bega yaanze mapema kwa maelekezo ya mtaalamu. Mtu avae glavu anapofua kwa sabuni kali au kupalilia, asafishe hata mkwaruzo mdogo, na arudie kubeba mizigo polepole. Mkono ukianza kuwa mzito, pete ikibana au ngozi ikiwa nyekundu na moto, aende kliniki mara moja. Uvimbe unaotibiwa mapema hudhibitiwa kwa urahisi zaidi.

Nguvu za mwili. Uchovu unaweza kudumu miezi kadhaa. Kutembea kwa miguu kila siku husaidia zaidi kuliko kulala. Hakuna chakula kimoja kinachoponya saratani wala kinachoirudisha. Sukuma wiki, maharagwe, ndengu, omena, mayai, matunda na ugali wa kiasi vinatosha. Pombe ipunguzwe au iachwe, na uzito usiachwe kupanda.

Umbo. Wapo wanaochagua titi bandia la kuvaa ndani ya sidiria, likiwemo la kufumwa kwa uzi ambalo ni jepesi na la bei nafuu. Wengine hufanyiwa upasuaji wa kurejesha umbo la titi. Wengine huamua kuishi walivyo. Uamuzi ni wa mwanamke mwenyewe.

UGONJWA UKIRUDI

Somo la kweli haliwezi kuruka jambo hili. Baadhi ya wagonjwa, hata waliotibiwa vizuri, ugonjwa huwarudia, na wengine hugunduliwa mara ya kwanza wakiwa hatua ya 4. Hata hapo kuna la kufanya. Kuna dawa za kuudhibiti ugonjwa kwa miezi na kwa wengine kwa miaka, na kuna huduma ya kutuliza maumivu, iitwayo pia tiba shufaa. Nairobi Hospice, iliyoanzishwa 1990 katika eneo la Hospitali ya Kenyatta, imekuwa ikitoa huduma hiyo kwa wagonjwa na familia zao.

Kupelekwa huko hakumaanishi kwamba madaktari wamekata tamaa. Mgonjwa asiye na maumivu hulala, hula na huzungumza na watoto wake, na hupata nafasi ya kupanga mambo yake akiwa na akili timamu. Hakuna mtu anayepaswa kuishi kwa uchungu ati kwa sababu ugonjwa wake hauponi.

MUHTASARI

1. Uvimbe usiouma upimwe. Anza na kituo cha afya cha mtaa.
2. Andika tarehe ya kwanza na uhesabu siku 60.
3. Uliza kuhusu vipokezi na utunze nakala ya kila karatasi.
4. Homa ya nyuzi 38 wakati wa kemo ni dharura.
5. Lipia SHA kabla ya kuugua, na uulize kiasi kilichobaki kabla ya kila awamu.
6. Usiache vidonge kwa sababu unajisikia vizuri.
7. Baada ya matibabu, linda mkono na ufuate ratiba ya kliniki.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mama wa Kawangware katika mfano alipoteza miezi kabla ya kupimwa. Ni mambo gani yaliyomchelewesha, na yapi kati ya hayo yapo katika mtaa wenu?
2. Mwanachama wa chama chenu akianza mionzi ya wiki 5 Jumatatu ijayo, nani atampikia watoto, nani atamtazamia biashara, na nauli itatoka wapi?
3. Katika mtaa wenu yuko mtu aliyemaliza matibabu ya saratani ya matiti? Ikiwa yuko na yuko radhi, mwalikeni azungumze. Msikilizeni kabla ya kumuuliza maswali.

Mama yule wa mfano yuko katika kila mtaa wa jiji hili. Huenda wiki hii anagusa uvimbe na kujiambia ni kamba za mizigo. Anayemjua amwambie kwamba kliniki iko wazi, na aandamane naye.